Aliyesimama Pembeni: Watumishi, Wapagazi na Matarishi katika Picha za Karne ya 19

Huyu aliyesimama pembeni ni nani? Swali hilo huulizwa na karibu kila mtu anayetazama picha za zamani za safari za bara. Katikati yupo mgeni mwenye kofia na bunduki, na jina lake limeandikwa chini. Pembeni yake, au nyuma kidogo, yupo Mwafrika aliyeshika mzigo, bunduki ya ziada, birika au barua. Huyo wa pili mara nyingi hana jina. Mwanafunzi wa Kahama akiikuta picha hiyo kitabuni huambiwa kwamba ni "mtumishi" au "mpagazi", kisha unafunguliwa ukurasa mwingine.

Sura hii inamtazama huyo wa pembeni. Inaeleza kazi yake ilikuwa ipi, kwa nini nchi ilimhitaji, njia za Shinyanga na Geita zilimhusu vipi, na picha zilizotengenezwa Ulaya zilimwonyesha au kumficha namna gani. Mwisho inatoa maswali machache ya kumsaidia mtu yeyote kusoma picha ya aina hiyo, iwe ya miaka 150 iliyopita au ya juzi.

Kazi tatu zilizochanganywa

Maelezo ya picha za zamani huwaweka watu wengi katika neno moja, "watumishi". Katika msafara, yaani kundi la watu waliosafiri pamoja na mizigo yao kwa miguu, kazi zilikuwa zimegawanywa vizuri, na kila moja ilikuwa na heshima yake.

- Mpagazi alibeba mzigo kwa ujira. Neno linatokana na kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani.
- Tarishi alipeleka barua na habari. Alitembea na mzigo mwepesi, kwa haraka, akiwa peke yake au na wenzake wachache.
- Mtumishi alikuwa karibu na mkuu wa safari: alimpikia, alimtandikia, alimshikia bunduki ya pili.
- Kirangozi alitangulia mbele na kuonyesha njia. Mara nyingi alishika bendera, na baragumu la pembe lilipolia wapagazi walijua kwamba ni wakati wa kunyanyua mizigo.
- Mnyapara alisimamia kundi, aligawa posho, yaani chakula au kitambaa cha kununulia chakula, na alisuluhisha magomvi.
- Mkalimani alisema kwa niaba ya msafara mbele ya watemi, yaani watawala wa nchi zilizopitwa.

Mtu mmoja aliweza kufanya kazi mbili au tatu. Sidi Mubarak Bombay, ambaye habari zake zinakuja mbele, alianza kama askari, akawa mkalimani na mtumishi, kisha akawa mkuu wa watu wote wa msafara.

Hali zao za uhuru pia zilitofautiana. Wapagazi wengi wa Unyamwezi na Usukuma walikuwa watu huru waliojiajiri wenyewe. Walisafiri kiangazi baada ya mavuno, na waliotoka Usukuma waliporudi waligeuza ujira wao kuwa ng'ombe. Wengine katika msafara walikuwa watumwa, au watu waliokwisha kupata uhuru. Picha haisemi yupi ni yupi, kwa kuwa wote wanaonekana wamesimama kwa namna moja.

Kwa nini mabega ya watu, si migongo ya wanyama?

Si kila mahali tarishi alitembea. Katika karne hiyohiyo ya 19, dola ya Osmani iliyotawaliwa kutoka Istanbul ilikuwa na matarishi wake mashuhuri walioitwa matatari. Walipanda farasi na kubadilisha wanyama kituo baada ya kituo, wakavuka nchi kubwa kwa muda mfupi. Kulikuwa pia na makavasi, walinzi wenye silaha waliowasindikiza mabalozi na wakubwa, wakatangulia mbele yao na kupeleka ujumbe wao.

Bara la Afrika ya Mashariki tarishi alikwenda kwa miguu. Sababu kubwa ni mbung'o, yule nzi ambaye watu wengi humwita ndorobo. Akimuuma farasi au ng'ombe humwambukiza nagana, ugonjwa unaodhoofisha mnyama hadi kufa. Kati ya pwani na Usukuma kulikuwa na mapori mengi yenye mbung'o. Wasukuma walifuga ng'ombe wengi katika nchi zao zilizo wazi, lakini kumvusha mnyama wa mizigo kutoka Bagamoyo hadi huko lilikuwa jambo jingine. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, na wote wawili walikufa mapema safarini.

Kwa hiyo karibu kila kilichosafiri kilisafiri juu ya mwili wa mtu: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa, shanga, waya wa shaba na baruti kwenda bara. Hata barua moja ilihitaji miguu ya mtu. Aliyesimama pembeni mwa picha ndiye aliyekuwa barabara, gari na posta.

*Kwa ufupi: Istanbul tarishi alipanda farasi, Tabora tarishi alikwenda kwa miguu. Nzi mdogo aliamua kwamba biashara na habari za bara zitabebwa na watu.*

Mzigo kwa karibu

Mzigo wa kitambaa unastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu unamtambulisha aliyeubeba. Uzito ulihesabiwa kwa frasila, kipimo cha pwani kinachokaribia kilo 16, na mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili. Kitambaa kilichotawala kilikuwa amerikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyopata jina lake kutoka Marekani ilikotoka, pamoja na kaniki, kitambaa cha rangi ya bluu iliyokoza. Vyote vilipimwa kwa mikono: shuka moja ilikuwa mikono minne, na shuka mbili zilifanya doti.

Vitambaa vilikunjwa vikabanwa kama mto mrefu, vikafungwa kwa mkeka na kamba. Kisha mzigo ulifungiwa kwenye fito ndefu zilizoachwa zitokeze chini. Faida ya fito ilionekana wakati wa kupumzika. Mpagazi hakulazimika kuinama hadi chini na kunyanyua kilo 30 upya. Aliegemeza mzigo kwenye mti ukiwa umesimama, akatoka chini yake, na alipotaka kuondoka aliingiza bega tena. Pia kitambaa kilikaa mbali na unyevu na mchwa. Huo ulikuwa ufundi wa watu waliojua kazi yao.

Namna ya kubeba nayo ni alama. Wanyamwezi na Wasukuma walipendelea bega. Watu wa Unguja na pwani walibeba kichwani. Mchoraji aliyekuwa makini alionyesha tofauti hiyo. Mchoraji ambaye hakufika aliwapa wote mzigo wa kichwani. Hivyo, kabla ya kusoma maneno yaliyo chini ya picha, bega na kichwa vimekwisha kusema kitu kuhusu aliyebeba na kuhusu aliyechora.

Jina "Wanyamwezi" pia lahitaji uangalifu. Watu wa pwani waliwaita hivyo wengi waliotoka bara upande huo, wakiwemo Wasukuma. "Sukuma" kwa lugha zao ni kaskazini: Wasukuma ni watu wa kaskazini, wakitazamwa kutoka upande wa Tabora. Basi picha inayosema "wapagazi wa Kinyamwezi" inaweza kabisa kuwa na kijana wa Shinyanga ndani yake.

Njia iliyopita Shinyanga na Geita

Tabora, ambayo wakati huo ilijulikana pia kama Kazeh au Unyanyembe, ilikuwa njia panda. Magharibi njia ilikwenda Ujiji, kaskazini ilikwenda ziwa la Nyanza. Njia hii ya kaskazini ndiyo iliyopita katika nchi ambazo leo ni mikoa ya Shinyanga na Geita.

Julai 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, akimwacha mwenzake Richard Burton nyuma. Alikuwa na kikosi kidogo cha wapagazi na walinzi, pamoja na Bombay. Alivuka nchi ya Shinyanga ya sasa, akapita Msalala, jina ambalo leo ni la halmashauri mkoani Shinyanga, na tarehe 3 Agosti 1858 alifika Mwanza na kuliona ziwa lililotanda kaskazini. Vitabu vingi husema Speke "aligundua" ziwa hilo. Wasukuma walikuwa wamevua humo vizazi kwa vizazi, na mizigo ya Speke iliyofika ufukweni ilifikishwa na mabega ya watu.

Mwaka 1861 Speke alirudi na James Augustus Grant. Safari hii walielekea Karagwe kupitia Uzinza, nchi iliyochukua sehemu kubwa ya Geita na Sengerema za leo. Uzinza ilisifika kwa Warongo, wafua chuma ambao majembe yao yaliuzwa mbali. Safari ilikwama kwa kukosa wapagazi. Vita vilikuwa vimeenea Unyamwezi, na watu huru hawakukubali kuhatarisha maisha yao kwa shuka chache. Grant alibaki miezi kadhaa Ukuni, au Ukune, akingoja watu wa kubeba. Jina la Ukune lipo hadi leo Ushetu, upande wa Kahama. Kukwama huko kunaonyesha nguvu za mpagazi kuliko picha yoyote: alipokataa kunyanyua, hakuna mzungu, mwarabu wala mtemi aliyeweza kusafirisha hata ushanga.

Grant alikuwa mchoraji. Katika safari hiyo alichora kwa rangi za maji watu, nyumba, ngoma na kazi za kila siku, wanaume kwa wanawake. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za bara hili zilizochorwa na mtu aliyekuwa amekaa hapohapo, macho yake yakiwa kwa watu aliowachora.

Stanley naye alipita Usukuma na msafara mkubwa, akafika Kageye kando ya ziwa mwishoni mwa Februari 1875. Wapagazi wake walibeba hata mashua, Lady Alice, ikiwa imegawanywa vipande. Baada ya hapo wamisionari walifungua vituo kusini mwa ziwa. Alexander Mackay aliishi Usambiro hadi alipofariki Februari 1890. Kila kituo cha aina hiyo kilitegemea matarishi waliokwenda na kurudi pwani wakiwa na mfuko wa barua.

Barua ilivyosafiri

Kazi ya tarishi ilikuwa na hatari zake. Mpagazi alisafiri na mamia ya wenzake. Tarishi alipita porini na mtu mmoja au wawili. Barua ilizungushiwa kitambaa au kuingizwa kwenye mwanya wa ufito uliopasuliwa, ikashikwa juu ili jasho lisiilowanishe na ili wote wanaoona wajue kwamba huyu ni mjumbe. Njia ikifungwa na vita, barua ililala.

Mfano mmoja unajulikana vizuri. Stanley alipokuwa Tabora mwaka 1871 alikuta kifurushi cha barua alizotumiwa mmisionari na msafiri David Livingstone, kikiwa kimeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Kilikuwa kimekwama njiani wakati mwenyewe yuko mbele. Stanley alikichukua, na kilipomfikia Livingstone huko Ujiji kilikuwa na umri wa karibu mwaka mzima.

Mfano wa pili unaonyesha tarishi akifanikiwa. Mwanzoni mwa Agosti 1877 msafara wa Stanley, ule ule uliokuwa umepita Usukuma, ulikuwa unakufa kwa njaa karibu na mdomo wa mto Kongo. Tarehe 4 Agosti Stanley aliandika barua ya kuomba chakula kwa mzungu yeyote wa mji wa Boma anayejua Kiingereza. Walioipeleka ni pamoja na Uledi, nahodha wa Lady Alice, Kacheche, na Robert Feruzi, kijana aliyesoma shule ya misheni Unguja na aliyejua Kiingereza. Walikwenda katika nchi wasiyoijua, wakiwa na njaa kama wenzao. Tarehe 6 Agosti chakula kilifika. Barua hiyo imechapishwa mara nyingi. Waliotembea nayo hutajwa kwa mstari mmoja.

*Kwa ufupi: tarishi hakuwa mkono tu wa kupokea na kutoa. Alichagua njia, alisema na wenyeji, na uhai wa wengine ulitegemea hatua zake.*

Picha ya kwanza: Kalulu ndani ya studio

Mwaka 1872, London, kijana wa Kiafrika alisimama mbele ya kamera pamoja na Stanley. Jina alilokuja nalo lilikuwa Ndugu M'hali. Alikuwa mtoto mtumwa ambaye mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley kama zawadi huko Tabora mwaka 1871. Stanley hakulipenda jina lake, na baada ya watu wa msafara kupendekeza majina kadhaa, mtoto akaitwa Kalulu.

Katika picha hiyo Stanley yupo mbele, amevaa nguo za safari, ana bunduki. Kalulu yupo nyuma yake, naye ana bunduki. Nyuma yao ni pazia lililochorwa mandhari. Hakuna vumbi, hakuna mbung'o, hakuna mizigo. Safari yote imejengwa upya ndani ya chumba, ili mnunuzi wa picha aamini anaiona Afrika. Kazi ya Kalulu katika picha ni kuthibitisha kwamba Stanley alifika: mwili wa mtoto ndio ushahidi.

Maisha yake hayakuishia kwenye pazia. Alisoma shule karibu na London. Tarehe 18 Aprili 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka huohuo alirudi Afrika na Stanley, akapita Usukuma, na tarehe 28 Machi 1877 alikufa maji mtumbwi wake ulipochukuliwa na maporomoko ya mto Kongo. Stanley aliyapa maporomoko hayo jina la Kalulu. Kwa hiyo jina alilopewa na wengine lilibaki kwenye ramani, na jina alilokuja nalo liko katika vitabu vichache tu.

Picha ya pili: Cairo, 1863

Picha nyingine ilikwenda njia tofauti. Speke na Grant walipofika Misri mwaka 1863, watu wachache waliobaki nao tangu Unguja walipigwa picha Cairo wakiwa kundi. Mchoro uliotokana na picha hiyo ulichapishwa katika kitabu cha Speke, na majina yao yaliwekwa. Hapa hakuna mzungu katikati. Waliovuka bara kwa miguu wamesimama na kukaa wenyewe, wakimtazama mpiga picha.

Aliyewaongoza ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao yapata mwaka 1820, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa India. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Unguja na kuwa askari wa Sultani. Burton na Speke walimpata mwaka 1857. Yeye na Speke waliongea Kihindustani, lugha ambayo kila mmoja alijifunza India kwa sababu zake: mmoja akiwa mtumwa, mwingine akiwa ofisa wa jeshi. Baadaye Bombay alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone, na kati ya 1873 na 1875 alivuka bara na msafiri Verney Lovett Cameron hadi bahari ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.

Tofauti ya picha hizi mbili haitokani na kamera. Inatokana na nani aliwekwa katikati na nani aliandikwa jina.

Mkono wa tatu: mchonga mbao

Wakati huo picha haikuweza kuchapishwa moja kwa moja kitabuni. Ilichorwa upya, kisha ikachongwa kwenye kipande cha mbao ngumu, wino ukapakwa na karatasi ikabanwa juu yake. Michoro ya Grant ilipoingia katika kitabu cha Speke, aliyeichora upya ni Johann Baptist Zwecker, msanii Mjerumani aliyeishi London. Hakuwa ameona njia za Uzinza wala Karagwe. Kila alipokosa habari alijaza kwa alichokijua: msuli ulionyooshwa kama sanamu ya Ulaya, mti usio wa pori la miombo, uso wa mtu mmoja ukirudiwa kwa watu kumi.

Mchoro mmoja wa aina hiyo unasaidia kuona zaidi. Grant aliugua mguu vibaya huko Karagwe, na Aprili 1862 aliondoka akiwa amelazwa kwenye machela. Kitabu kinaonyesha safari hiyo. Ukitazama haraka, ni picha ya Grant. Ukitazama polepole, Grant ndiye mzigo. Waliosimama wima, wanaojua pa kukanyaga na wanaoamua mwendo, ni wale walio chini ya machela.

Wasioingia kwenye picha

Pembeni mwa picha kuna watu. Nje ya picha kuna wengi zaidi. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakapitia Tabora, na wakafika Februari 1874. Kati yao, Abdullah Susi na James Chuma baadaye walipelekwa Uingereza, wakapigwa picha na binti wa Livingstone katika jumba la Newstead Abbey. Jacob Wainwright alipigwa picha akiwa na jeneza.

Halima, aliyempikia Livingstone, hakupelekwa. Ntaoeka, mke wa Chuma, hakupelekwa. Wote wawili walikuwa katika safari hiyo. Mapishi, maji, moto, kumuuguza mgonjwa na kumtafutia nafaka kijijini ni kazi ambazo bila hizo hakuna mpagazi ambaye angefika kambi ya pili, na kamera za karne ile hazikuzigeukia. Wanawake walikuwa sehemu ya kawaida ya misafara ya Wanyamwezi, wakiwa wake, wapishi na wabebaji wa vyombo. Michoro ya Grant inawaonyesha wanawake kuliko picha nyingi za studio, kwa kuwa yeye aliwaona wakifanya kazi.

*Kwa ufupi: picha hupunguza watu mara tatu. Kwanza mpiga picha huchagua wa kusimama. Kisha mchonga mbao hubadilisha sura. Mwisho mwandishi huamua nani atajwe.*

Kutoka kijia hadi reli

Kazi ya mpagazi wa mbali haikuisha kwa siku moja. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ilirudi kwa ukatili, kwani majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yaliwachukua watu kwa wingi, wengi wao kwa nguvu, kubeba chakula na risasi. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza.

Sanamu mbili za vita hivyo zinafundisha somo lilelile la picha. Ile ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, ina askari mmoja aliyesimama juu, bunduki mbele yake. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mchongaji wa zote mbili ni James Alexander Stevenson. Nairobi mpita njia hahitaji kuuliza kama wabebaji walikuwepo. Mmoja wao amesimama sawa na wenye bunduki.

Mwaka huohuo wa 1928 reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza. Mzigo uliotaka wiki kadhaa za mabega ukapita kwa muda mfupi juu ya chuma. Mpagazi wa safari ndefu alitoweka njiani, ila kubeba hakukuisha. Katika machimbo madogo ya Geita mawe yenye dhahabu bado yanatoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ndani ya viroba vinavyobebwa na vijana hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Dhahabu ikipatikana na picha ikapigwa, aliyeshika dhahabu husimama katikati.

Jinsi ya kusoma picha ya namna hii

Maswali yafuatayo yanafaa kwa picha ya mwaka 1872 na kwa picha ya harusi iliyotundikwa ukutani Kahama, ambamo bibi na bwana harusi wanajulikana na aliyepika tangu alfajiri haonekani.

1. Anza pembeni. Mtazame kwanza aliye ukingoni, kisha urudi katikati.
2. Tazama mikono. Ameshika nini? Mzigo, barua na birika ni kazi tatu tofauti.
3. Tazama bega na kichwa. Namna ya kubeba inaweza kuonyesha anakotoka.
4. Tazama nyuma. Ni pori la kweli au pazia la studio?
5. Uliza picha imepita mikono mingapi. Mchoro wa aliyekuwepo una uzito kuliko mchoro wa aliyesimuliwa.
6. Soma jina. Kama ni la kupewa, tafuta alilozaliwa nalo. Kama halipo, andika kwamba halipo, wala usimbandike la kubuni.
7. Hesabu wasiokuwepo. Nani alipika, nani alichota maji, nani alitangulia kuonyesha njia?

Mtu wa Ukune, Msalala au Uzinza aliyenyanyua frasila mbili begani na kwenda nazo hadi pwani, kisha akarudi na kununua ng'ombe, aliacha alama chache za maandishi. Bega lake katika mchoro wa zamani ni mojawapo ya hizo. Anayelitambua bega hilo, na kujua kwa nini mzigo ulio juu yake umefungwa fito, amekwisha kujibu nusu ya swali la nani amesimama pembeni. Nusu iliyobaki ni jina. Pale lilipoandikwa, kama la Bombay, Uledi, Feruzi, Halima, Ntaoeka na Ndugu M'hali, lina haki ya kutajwa kila picha yao au safari yao inapoonyeshwa.